Mkwe kwenye Mizani

Mimi ni mtu wa hasira, na ninaomba msomaji alijue hilo mapema, asije akadhani hasira zilizomo humu zote naielekezea kampuni. Nyingi ni zangu mimi kwa mimi. Kwa miaka sita nilikuwa afisa rasilimali watu wa kampuni kubwa ya kakao, ofisi ya Kyela mjini. Juu ya kazi ya kuajiri na kufukuza nilikabidhiwa pia kitu kilichoitwa Utofauti na Ujumuishi, pamoja na mambo ya kurudisha kwa jamii. Kwa lugha ya kawaida, nilikuwa mtu wa kugawa madawati, kuzindua vyoo vya shule, na kuhakikisha kila kituo chetu cha kununulia kakao kina wanawake, kina vijana, kina wenye ulemavu, na baadaye, nitafika hapo, kina wazee.

Nisiwe mnafiki, niliipenda kazi ile. Mimi mtoto wa Bujonde niliyebeba ndoo za kakao mbichi kichwani mpaka maji yake yakanitiririkia shingoni, leo narudi na gari lenye nembo mlangoni! Nilikuwa nimekaa Dar es Salaam miaka kumi na moja, nimeolewa na mtu wa Tanga, nimejifunza kuongea taratibu kwenye vikao. Bosi wangu, mama mmoja mchangamfu wa makao makuu, alikuwa haishi kuniambia, "Mcheza kwao hutuzwa," na mimi navimba kichwa. Kila walipotaka kujua jambo la huku waliniuliza mimi, na nilichosema mimi ndicho kilichoandikwa.

Katika watu niliowaajiri, yupo mmoja ambaye ndiye sababu ya kuandika haya. Tulikaa dawati moja shule ya msingi, yeye na mimi. Hesabu alikuwa ananipa majibu kwa kunigonga goti chini ya dawati, goti moja ni A, mawili ni B, na mpaka leo sijui kama ningefika sekondari bila goti lile. Yeye alimaliza kidato cha nne akaolewa Ikolo. Akazaa mabinti wawili, kisha mumewe akafariki kwa ajali ya pikipiki. Wiki ile ile ya msiba mashemeji wakaanza kuipimapima nyumba kwa macho.

Aliyemwokoa ni baba mkwe wake. Mzee yule alisimama mbele ya wafiwa akasema, "Huyu ni mtoto wangu. Anayetaka atoke hapa, aanze kunitoa mimi." Mashemeji wakanywea. Rafiki yangu aliyasikia maneno hayo akiwa nyuma ya nyumba, migombani, amejifunika khanga, kwa sababu alipo mzee yule yeye hawezi kuwapo.

Hapo inabidi nieleze kidogo. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Tunaita kutila. Ukitafsiri ni kuogopa, lakini si kama unavyoogopa mbwa. Akimsikia anakuja, anapisha njia. Hali naye, haongei naye, jina lake halitamki kabisa, na hata neno linalofanana na jina hilo analizunguka anatafuta lingine. Mzee naye ana adabu zake. Anakohoa kabla ya kukata kona, anagonga fimbo chini, ili mkwe apate nafasi ya kujificha bila kukurupuka. Siku hizi wengi wameacha. Wapo wanaokula meza moja na wakwe zao huku wakitazama taarifa ya habari, na mimi mmojawapo. Baba mkwe wangu wa Tanga alinikumbatia siku ya kwanza tu, nikakakamaa kidogo, nikazoea.

Rafiki yangu hakuacha. Siku moja nilimtania, "Wewe nawe, na ulokole wako wote huo, bado unakimbilia migombani?" Akacheka, halafu akaniambia bila kucheka, "Yule mzee sina cha kumlipa. Chakula anacho, nguo anazo, watoto anao. Hiki ndicho ninachompa." Nilielewa vizuri sana, na naliandika hilo hapa ili nisije nikajitetea mbele ya safari kwamba sikuelewa.

Basi, nikamwajiri kuwa karani wa mizani kwenye kituo chetu cha upande wa Ikolo. Jamani, yule mwanamke alikuwa amezaliwa kwa ajili ya mizani! Wakulima wanakuja na ndoo zao za kakao mbichi, kila mmoja anaamini ataibiwa, na yeye anasoma kilo kwa sauti ambayo hata aliye mwisho wa foleni anasikia. Ndoo ikiwa na maji mengi anamwambia mwenyewe, "Baba, rudi ukachuje, tusioneane haya." Hakuna aliyemwona mwizi. Kazi ile ilimshika. Mabinti walikuwa wanakwenda shule na sare safi, na mashemeji walianza kumsalimia kwa adabu. Aliniambia kwamba sasa akitembea Ikolo anatembea katikati ya njia.

Kisha makao makuu wakatuita kwenye semina. Projekta, chai, chapati za pembetatu zisizo na chumvi, na mtaalamu mmoja akatueleza kwamba ujumuishi wetu una pengo, yaani tumesahau umri. Wazee wako wapi? Ikapitishwa kwamba kila kituo kiwe na mzee shahidi, achaguliwe na wakulima wenyewe, akae kando ya mizani siku za manunuzi athibitishe kwamba hakuna udanganyifu. Lilikuwa wazo zuri, na bado nasema ni zuri. Katika semina hiyo hiyo palitolewa mfano wa mila fulani ya mkoa mwingine, watu wakaicheka mpaka wakashika mbavu. Nami nikacheka, tena kwa sauti.

Niliitisha mkutano wa wakulima kituoni. Wakamchagua mzee mmoja kwa kauli moja, maana hajawahi kusikika amesema uongo. Nilikuwa naandika jina lake kwenye fomu huku nikitabasamu, ndipo mama mmoja kutoka nyuma akasema, "Lakini afisa, huyo mkwewe si ndiye karani wa hapa?" Watu wakaguna, wengine wakacheka kichini-chini. Wakanitazama. Walikuwa wananingoja mimi, mtoto wa hapa, niseme kitu cha mtoto wa hapa. Nikawajibu, "Jamani, kazi ni kazi," na nikafunga faili. Nilijitia hamnazo. Nilikuwa na vituo vingine vitatu vya kupitia siku ile, jua limewaka, na nilijiambia watajijua wenyewe.

Na kweli walijijua. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengi. Nilipokwenda kukagua wiki chache baadaye niliwakuta wamejipanga vizuri kuliko kampuni nzima. Mzee alikuwa amegeuza kiti chake kikatazama ukuta wa ghala, mgongo kwa mizani. Kati yake na mizani wakulima wametundika turubai. Rafiki yangu anasoma kilo kwa sauti kubwa, akimsomea mkulima. Mkulima anarudia. Mzee anachora alama kwenye daftari lake bila kugeuka. Jioni alama zake zinalinganishwa na karatasi za karani, na mkulima ndiye mpeleka-daftari kati yao. Mzee akitaka kwenda haja anakohoa mara tatu, rafiki yangu anaingia ghalani, mzee anapita. Akirudi anakohoa tena. Siku nzima hawajaonana hata ukucha, na hesabu zinalingana mpaka nusu kilo.

"Mbona hamjaniambia?" nilimuuliza rafiki yangu.

"Tungekuambia nini? Ulisema kazi ni kazi. Tunafanya kazi."

Alisema kwa utani, na tukacheka. Mzee naye nilimsalimia, "Mugonile, tata," akaniitikia kwa furaha yote huku akitazama ukuta. Akaniambia masikio yake ni mazuri kuliko macho, na kwamba mkwewe anasoma vizuri kama mwinjilisti. Sauti ile ya mkwewe, alisema, hakuwahi kuisikia miaka yote hiyo mpaka kampuni ilipomkalisha pale. "Ndaga fijo," akanishukuru. Mimi! Ilikuwa siku nzuri. Nilirudi mjini nimeridhika, na kwenye taarifa yangu ya mwezi sikuandika neno hata moja juu ya turubai wala kiti. Ningeandikaje? Nilikuwa nasikia tayari vile vicheko vya semina.

Miezi mitatu hivi ikapita. Wageni wakaja kutoka makao makuu, bosi wangu akiwemo, na mpiga picha, na fulana zenye maneno kifuani. Walikuwa wanatafuta picha za taarifa ya mwaka. Tulipofika kituoni mimi nilikuwa nyuma nashughulikia maji ya wageni, na nilipoinua macho nikamwona bosi wangu amesimama amejishika kiuno, uso umembadilika.

"Huyu mzee kwa nini ameelekezwa ukutani?"

Wakulima wakatazamana.

"Nauliza, ni nani aliyemkalisha mzee huyu kama mtoto aliyeadhibiwa?"

Hakuwa mtu mbaya. Nataka nilirudie hilo, maana kuna siku huwa natamani angekuwa mbaya. Alikuwa na machozi machoni. Alimwona mzee ametengwa kwenye kituo chake, nyuma ya turubai, na moyo wake mwema ukafanya kile ambacho mioyo myema hufanya isipouliza. Akaenda mwenyewe, akashika kiti kwa mikono miwili, akakizungusha na mzee juu yake. Kijana wa picha akaondoa turubai. Mzee akaanza kukohoa. Alikohoa, akakohoa tena, akainua mikono kujifunika uso, na bosi wangu akadhani mzee ni mgonjwa akaagiza maji.

Rafiki yangu alikuwa ameshika ndoo. Aliiachia, kakao ikamwagika chini yote, akaruka vichanja vya kuanikia, akakimbilia shambani. Khanga yake ilinasa kwenye kichanja ikabaki pale. Mwanamke wa makamo, karani wa kampuni, anakimbia kati ya mikakao mbele ya wageni na kamera. Mkulima mmoja akasema, "Mungu wangu."

Mimi nilikuwa na katoni ya maji mikononi. Ningeweza kuiweka chini, nikaeleza kwa dakika mbili, ikaisha. Nilisema, "Samahani, bosi, nitafuatilia."

Barua iliyofuata niliichapa mwenyewe, maana kuchapa barua za namna ile ndiyo kazi yangu. Rafiki yangu alituhumiwa kwa mambo mawili. La kwanza, kuacha kituo cha kazi bila ruhusa. La pili, kumbagua na kumtenga mfanyakazi mwenzake kwa sababu ya umri, kinyume cha sera ya ujumuishi. Someni tena hilo la pili, jamani. Mwanamke aliyetoa heshima yake yote kama malipo, ameandikiwa kwamba hana heshima kwa wazee. Nilipokuwa nachapa vidole vyangu vilikuwa vya baridi, na Kyela hakuna baridi.

Alikuja nyumbani kwangu na ile barua. Hakuwa na hofu sana. Alisema, "Nimeandika kujieleza, lakini Kiswahili changu cha ofisini unakijua. Nimeandika nilikimbia kwa heshima. Watanielewa?" Nikamwambia hawataelewa hivyo, inabidi mtu awaelezee. "Basi si upo?" akasema. Nikamwambia, "Nipo. Niachie mimi." Akanywa chai, akaniambia habari za binti yake mkubwa aliyefaulu, akaondoka anaimba. Niachie mimi! Maneno hayo niliyasema kwa mdomo huu huu.

Kati ya siku ile na siku ya kikao, bosi wangu alinipigia simu. Nafasi ya kusimamia ujumuishi kwa nchi nzima ilikuwa inafunguliwa, ofisi Dar es Salaam, na jina langu lilikuwa mezani. Alisema wanahitaji mtu wa kisasa, anayejua vijijini lakini hajafungwa na vijijini. Sitasema kwamba simu ile ndiyo iliyonifunga mdomo. Hapana, mdomo wangu ulikuwa umeanza kufungwa siku ya vicheko. Simu ilikuja kutia kufuli tu.

Kikao cha nidhamu kilifanyika Kyela mjini, kwenye chumba chetu cha mikutano, saa nane mchana. Alikuwepo mwanasheria wa makao makuu kama mwenyekiti, bosi wangu, mimi, na rafiki yangu amevaa kitenge chake cha kwaya. Feni inazunguka, inapuliza karatasi. Mwanasheria alikuwa kijana wa heshima, anauliza kwa upole, kila jibu analiandika.

"Kwa nini ulikimbia?"

"Kwa heshima."

"Heshima kwa nani?"

"Kwa mzee."

"Unamheshimu, halafu unamkimbia. Unamheshimu, halafu unamweka nyuma ya turubai." Hakuwa anamkejeli. Alikuwa amechanganyikiwa kweli. "Mama, tusaidie. Huyo mzee ni nani kwako?"

Rafiki yangu akatafuta maneno. Kwa wenye kutila ya kweli, hata kumzungumzia mzee mbele ya watu wasio wa nyumbani si jambo jepesi. Akasema, "Ni mzee wa nyumbani."

"Wa nyumbani kwa namna gani? Kwa ajili ya kumbukumbu, taja jina lake."

Feni inazunguka.

"Mama, taja tu jina la mzee unayemzungumzia."

Hakulitaja. Midomo ilijongea, jina halikutoka. Mwanasheria akaandika kitu. Bosi wangu akatikisa kichwa kwa masikitiko na kunong'ona, "Hata jina lake hataki kulitamka." Ndipo rafiki yangu akageuza uso akanitazama. Hakunikazia macho, alinitazama vile tulivyokuwa tunatazamana kwenye mtihani, akingoja goti.

Bosi wangu akaona anakonitazama. Akaniuliza mimi moja kwa moja, na hapa siwezi kumlaumu hata kidogo, kwa sababu aliuliza: "Afisa, wewe ndiye mwenyeji wetu. Kuna mila yoyote hapa tunayopaswa kuijua?"

Nikaona semina. Nikaona mbavu zikishikwa. Nikaona bango jipya lenye picha ya mzee wa watu na maneno juu ya mila kandamizi, na mimi nimesimama pembeni kama kielelezo, Mnyakyusa aliyeponyoka. Nikaona ofisi ya Dar es Salaam.

"Hapana," nikasema. "Zamani zilikuwepo. Siku hizi hayo yameisha."

Jogoo hakuwika. Saa nane mchana majogoo wa Kyela wamelala kwa joto. Rafiki yangu aliinamisha uso akawa anaangalia vidole vyake, na maswali yote yaliyobaki aliyajibu kwa "ndiyo" na "hapana". Alipoambiwa kwamba mkataba wake umesitishwa, alisema, "Ndaga," na mwanasheria akaniuliza maana yake nini. Nikamwambia ni asante. Akasema, "Amepokea vizuri," akaliandika na hilo.

Siku ya tatu mzee akaja ofisini. Alikuja na bodaboda kutoka Ikolo, koti la suti juu ya shati la Jumapili, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mlinzi akanipigia simu kwamba kuna mzee anamtaka mkubwa yeyote. Nikamkaribisha, nikamwekea kiti. Hakukaa.

"Nimesikia mtoto wangu amefukuzwa kwa sababu yangu," alisema kwa Kinyakyusa. "Nimekuja kueleza. Mimi ni baba mkwe wake. Kazi hii ya kukaa kitini mimi siihitaji, nina shamba. Mngeniambia tu, ningebaki nyumbani. Nipeni karatasi niweke dole gumba, mimi nitoke, yeye arudi."

Nikamwambia, "Tata, jambo limeshafungwa."

"Si mlifunga kwa sababu hamkujua? Sasa nimewajulisha."

Nikaanza kumweleza habari za taratibu, rufaa, makao makuu. Maneno yale yakitafsiriwa Kinyakyusa yanakuwa marefu na hayana kitu ndani yake. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza, kwa yale macho aliyosema si mazuri kama masikio.

"Wewe ni mtoto wa hapa?"

"Ndiyo, tata."

"Wa nani?"

Nikamtajia jina la baba yangu. Alimfahamu. Walibatizwa pamoja. Akavaa kofia yake, akasema, "Basi ulijua." Hakusema kwa hasira. Akatoka, akakataa gari la ofisi kumrudisha, na hakuonekana tena kituoni. Kiti chake kikachukuliwa na mzee mwingine, akakaa kando ya karani mwingine, na picha ikapigwa.

Nafasi ya Dar es Salaam niliipata. Niliifanya kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa, nikizunguka na projekta kuwafundisha watu kusikiliza, mpaka siku moja nikiwa katikati ya semina nikashindwa kuendelea, nikakusanya vitu vyangu nikaacha. Watu wakasema nina msongo. Mkataa kwao mtumwa, nilikuwa najiambia kwenye basi la kurudi, na hasira yangu yote haikuwa na wa kuipokea ila mimi mwenyewe.

Nilikwenda Ikolo. Nilimkuta rafiki yangu kwenye jaruba anapandikiza mpunga wa watu, matope mpaka magotini, mgongo umeinama. Binti mkubwa, yule aliyefaulu, alikuwa pembeni yake anapandikiza naye, siku ya shule. Sikuuliza. Aliponiona alinawa mikono, akanikumbatia, akanipeleka nyumbani, akanipikia wali na samaki. Alinihudumia vizuri mno, kama mgeni. Alinipa sahani ile nzuri, akasimama pembeni kuona kama nimeshiba, na hakuniita kwa lile jina letu la shule hata mara moja. Aliniita dada.

Nililia mbele ya sahani yake. Nilimwomba msamaha, nikamwambia yote, semina, vicheko, simu, ofisi. Alinisikiliza. Akasema ameshanisamehe zamani, alinisamehe kanisani, hana kinyongo. Nikafurahi kipumbavu, nikadhani tumemaliza.

Kisha akaanza kukusanya vyombo, na akiwa amenipa mgongo akasema, "Lakini nikuambie kitu. Siku ile jina lake lilikuwa limefika hapa." Akagusa midomo. "Nilitaka kulitaja. Nikawaza watoto, nikawaza ada, nikasema acha nilitaje tu, Mungu atanisamehe. Halafu nikakuona umekaa pale, nikasema moyoni, ah, namsumbua Mungu ya nini, mwenzangu yupo. Yeye akilitaja hapotezi kitu."

Akaenda nje kuosha sahani. Nikamsikia anasugua, anasuuza, anaziweka kwenye kichanja moja moja, na nikabaki nimekaa mle ndani mpaka binti yake alipoingia kuniuliza kama nitahitaji bodaboda.